LAMI NAYO INA UMRI WAKE

Kila njia mpya ya lami inapofunguliwa, utepe hukatwa, ngoma hupigwa, na jiwe husimamishwa kando ya njia lenye maandishi ya kuonekana mbali: jina la mkubwa aliyefungua, tarehe aliyofungua, na pengine jina la taifa lililotoa msaada. Jambo moja haliandikwi juu ya jiwe hilo, nalo ndilo ambalo mlipa kodi anastahiki kulijua kuliko yote. Njia hii imekadiriwa kuishi miaka mingapi? Na itakapofika mwaka gani itataka kufanyiwa ukarabati mkubwa, na kwa fedha za nani?

Tumeona ni wajibu wetu leo kulieleza jambo hili kwa wanachama, kwani wengi hudhani kwamba lami ni kitu cha milele, na ikiharibika basi lazima pana mwizi. Mwizi huenda akawapo, lakini hata pasipo mwizi lami ina umri wake. Asiyeujua umri wa kitu hawezi kumtambua aliyekiua kabla ya wakati.

Mfano wetu tumeuchukua ng'ambo ya bahari, katika Kinondoni ya Dar es Salaam, na jirani yake Temeke. Sababu ya kwanza ni kuwa jamaa zetu wengi wanaishi Magomeni, Mwananyamala na Msasani, na njia zile wanazipita kila siku. Ya pili ni kuwa barabara si jambo la Muungano. Wakala wa kule hawana amri huku, na Zanzibar ina wakala wake na mfuko wake. Kwa hiyo tunaweza kuyatazama ya kule kwa utulivu, bila ya kutuhumiwa kwamba tunamsema mtu. Na ya tatu, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kila kilomita ya lami inayomwagwa leo Unguja na Pemba itafikiwa na yale yaliyozifikia njia za Kinondoni.

Kwanza natufahamu njia ni kitu gani. Lami tunayoiona juu ni ngozi tu. Chini yake pana tabaka la kokoto zilizoshindiliwa, chini ya kokoto pana changarawe au kifusi, na chini ya vyote pana udongo wa asili. Mzigo wa gurudumu hushuka tabaka kwa tabaka ukitawanyika, hata ukifika kwenye udongo uwe umepungua kiasi cha kuweza kubebwa. Ni kama nyumba ya makuti: makuti ndiyo yapigwayo na jua na mvua, lakini boriti na miamba ndivyo vishikavyo paa. Mwenye nyumba akibadilisha makuti kwa wakati wake, boriti zitamfaa yeye na wanawe. Akingoja hata maji yashuke ndani, atanunua makuti na boriti pamoja.

Basi njia ina umri wa namna mbili. Uko umri wa ngozi na uko umri wa mwili. Ngozi iliyofanywa kwa kunyunyiza lami na kumwaga kokoto juu yake, kwa makadirio ya kawaida, hutaka kurudiwa baada ya miaka 7 hadi 10. Ngozi ya lami nzito iliyochanganywa na kokoto kiwandani huweza kufika miaka 10 hadi 15. Ama mwili wa njia kuu, wahandisi huukadiria miaka 20, nayo ndiyo hesabu iliyozoeleka Tanzania kwa njia kubwa. Zege huwekewa miaka 30 hata 40. Hayo ndiyo makadirio ya mezani. Sasa tuyatazame yaliyoko njiani.

Njia ina maadui watatu: mzigo, maji na jua.

Katika maadui hao, mzigo ndio uliochunguzwa kuliko wote. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, zilijengwa njia za majaribio za mviringo, na askari wakapewa malori wayazungushe juu yake mchana na usiku, hata yakapatikana mapito ya ekseli zaidi ya milioni moja. Katika jaribio hilo ilipatikana kanuni ambayo kila mwanachama anapaswa kuishika: madhara ya ekseli hayaongezeki sawa na uzito wake, bali huongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ukizidisha uzito mara mbili, madhara hayawi mara mbili, huwa mara 16. Wengine, kwa nchi za joto kama zetu, hutumia kipeo cha nne na nusu, nacho ni kikali zaidi.

Kipimo kilichowekwa ni ekseli ya ratili 18,000 za Kiingereza, yaani takriban tani 8.16. Hiyo huhesabiwa moja. Ekseli ya tani 10 huhesabiwa mbili na robo. Ekseli ya tani 13 huhesabiwa sita na zaidi. Ama motokaa ndogo ya mtu na watoto wake, ambayo ekseli yake haifiki hata tani moja, zinahitajika ekseli kama elfu kumi za namna hiyo ndipo zifanye madhara ya ekseli moja ya kipimo. Kwa hiyo msururu wa motokaa unaotuudhi asubuhi pale Morocco na Mwenge unatula wakati wetu, lakini hauili njia. Mlaji wa njia ni lori, khasa lori lililozidishiwa.

Na tuzingatie kwamba hata lori lililo halali hula. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne, tani 8 kwa ekseli ya usukani, na jumla isiyozidi tani 56 kwa gari zima. Ile ya tani 10, kama tulivyoona, ni zaidi ya mara mbili ya kipimo. Madhali sheria imeiruhusu, njia haina budi kujengwa kwa kuihesabu.

Sasa natufanye hesabu kama anavyofanya mwenye duka. Chukua njia iliyojengwa ili ibebe ekseli za kipimo milioni 10 katika umri wake. Tujaalie kwamba kila siku, kwa upande mmoja, hupita malori 500, na kila lori kwa wastani lina madhara ya ekseli mbili za kipimo. Kwa siku ni 1,000, na kwa mwaka ni 365,000. Ikiwa idadi haiongezeki, njia itamaliza mtaji wake baada ya miaka 27. Hiyo ni habari njema. Lakini mji haukai mahali pamoja. Malori yakiongezeka asilimia 5 kila mwaka, miaka ile 27 hupungua ikawa chini ya 18. Na kama mizani haifanyi kazi, wenye malori wakazidisha shehena hata madhara ya kila lori yakawa mara mbili ya yale yaliyokadiriwa, njia ile ile, kwa lami ile ile na kontrakta yule yule mwaminifu, itakwisha kabla ya kutimiza miaka 11.

Tazameni, ndugu. Miaka 27 imekuwa 11, na hapana mtu aliyeiba hata ndoo moja ya lami. Kilichoibwa ni umri, na aliyeuiba kaubeba juu ya magurudumu.

Katika Kinondoni njia inayolifahamisha jambo hili vizuri ni ile itokayo mjini kuelekea Bagamoyo. Kipande chake cha kwanza kina jina la mtu tumjuaye, marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na 1985 kabla ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano hadi mwaka 1995. Mbele yake, kutoka Mwenge hadi Tegeta, takriban kilomita 13, njia ilipanuliwa kwa msaada wa Japani, ikafunguliwa mwaka 2014. Huko Tegeta ndiko ulipo mlima wa Wazo na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi miaka ya 1960. Saruji ya Wazo haiendi mjini kwa ngalawa. Huenda kwa lori, na pamoja nayo huenda mchanga na kokoto kwa kila nyumba inayojengwa. Ni ajabu ya dunia kwamba vitu vya kujengea mji ndivyo viuvunjavyo mji njia zake.

Wahandisi wenyewe wanajua. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwezi wa Mei mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na tawi lake la Magomeni hadi Morocco, njia ya mabasi yale ilikuwa imejengwa kwa zege, ilhali motokaa nyingine ziliachiwa lami pembeni. Sababu yake ni dhahiri. Basi zito linalopita katika mfuo ule ule, likasimama na kuondoka mahali pale pale mara mia kwa siku, huisukuma lami ya moto kama mtu asukumavyo unga kwa kiganja. Zege haisukumiki. Gharama yake mwanzoni ni kubwa, lakini mwenye kununua kitu cha kutumia miaka mingi hutazama bei pamoja na miaka.

Huko Temeke nako kuna somo. Barabara ya Kilwa, kutoka Bendera Tatu hadi Mbagala, ilipanuliwa kwa msaada wa Japani. Watu walifurahi, na haki yao. Lakini sehemu za lami yake zilipasuka na kufanya mifuo kabla ya wakati, serikali ikakataa kunyamaza, na kontrakta akalazimika kurudi kazini kuzitengeneza. Tunalitaja hili kwa sifa na kwa onyo. Sifa ni kwamba pale palikuwapo mtu aliyejua njia ilitakiwa iishi muda gani, ndiyo maana akaweza kusema kwamba imekufa mapema. Onyo ni kwamba hata fedha za msaada na wahandisi wa nchi kubwa si dhamana.

Adui wa pili ni maji, naye kwa Dar es Salaam kama kwetu huja mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Lami isiyopasuka huyazuia maji. Lami iliyopasuka huyakaribisha, na kokoto zilizolowa hupoteza nguvu, hata lori lililokuwa likibebwa jana leo litatumbukia. Ndiyo maana mashimo huonekana ghafula baada ya mvua, nasi tukasema mvua imeharibu njia. Kwa kweli mvua imemalizia tu. Na mara nyingi hata nyufa si mwanzo wa habari, mwanzo ni mtaro ulioziba. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 Dar es Salaam ilipatwa na mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40, na waliopoteza makazi wakapelekwa Mabwepande, upande wa Kinondoni. Katika mji unaojaa maji kwa namna hiyo, kumwaga lami bila mtaro ni kumvisha maiti kanzu mpya.

Jua ni adui wa tatu, tena mpole. Mchana wa kaskazi, uso wa lami huweza kupita daraja 60 za joto. Hapo lami hulainika na mifuo huzaliwa. Na kila mwaka upitao, hewa na jua hukausha mafuta yaliyomo ndani yake, ikawa ngumu kama kaukau, ikavunjika badala ya kukunjika. Kwa hivyo hata njia isiyopita lori huzeeka.

Je, umri uliobaki hujulikanaje? Wako wasemao kwamba hilo ni jambo la ghaibu, na kwamba hakuna mtu awezaye kusema njia itakufa lini. Sisi twasema kukadiria si kupiga ramli. Mwenye duka hajui ni mteja gani atakayeingia kesho, lakini ajua gunia la mchele litakwisha lini. Mhandisi naye huhesabu malori na kuyapima, kisha hulinganisha na mtaji wa njia. Huenda kwa miguu akapima nyufa na kina cha mifuo. Hupitisha gari lenye chombo cha kupima mtikisiko. Huangusha uzito juu ya lami na kupima ni kiasi gani uso wa njia umebonyea, kwani njia iliyochoka hubonyea zaidi kuliko njia yenye afya. Hupiga chuma chenye ncha ardhini ili ajue nguvu ya kila tabaka. Kwa mambo hayo, hutoa hesabu iliyo karibu na ukweli.

Mwanachama asiye na chombo chochote naye ana macho. Akiona ufa mmoja mrefu, ajue ni wakati wa kuuziba. Akiona nyufa zilizosukana mfano wa gamba la kasa katika mapito ya magurudumu, ajue mwili wa njia umechoka, na kiraka cha juu hakitoshi. Akiona tope linatoka ndani ya nyufa gari lipitapo, ajue maji yamekwisha kuingia nyumbani.

Na tusisahau kwamba kufa kwa njia hakuamuliwi na vyombo peke yake. Katika jaribio lile la Illinois walipandishwa watu katika motokaa, wakaambiwa waipe njia alama kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi walivyoiona. Kwa njia kuu, alama iliposhuka hadi 2.5 ilihesabiwa kuwa wakati wa ukarabati umefika. Hawakungoja sifuri. Kwetu sisi hungojwa sifuri, kisha hungojwa uchaguzi.

Kungoja huko kuna bei. Njia haiharibiki sawasawa kila mwaka. Miaka mingi ya mwanzo hushuka polepole hata wakubwa wakajisifu, kisha ikifika mahali fulani huporomoka kwa miaka michache tu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao hawakuwa na daftari la benki. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa taarifa juu ya njia za nchi 85 ilizozikopesha, ikasema kwamba njia zilizoharibika kwa thamani ya dola bilioni 40 hadi 45 zingaliweza kuokolewa kwa matengenezo yasiyofika dola bilioni 12. Hiyo ndiyo methali yetu imetiwa tarakimu.

Tanzania Bara imejaribu kulitafutia dawa jambo hili. Wakala wa barabara kuu, TANROADS, uliundwa mwaka 2000, na wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, mwaka 2017. Mfuko wa Barabara hupata fedha zake katika kila lita ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya njia zilizo chini ya TARURA. Lakini wakala huyo ana njia zaidi ya kilomita 144,000, nyingi zikiwa za udongo na changarawe, na kila shilingi ina waombaji kumi. Njia mpya ina utepe wa kukatwa. Mtaro uliosafishwa hauna utepe, basi hupata fedha za mwisho.

Na liko jambo zito kuliko hayo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa ajili ya kuendeleza Dar es Salaam, na katika Kinondoni, Ilala na Temeke mitaa mingi ikapata lami na mitaro. Hatuukatai mkopo wa namna hiyo. Mtaa uliokuwa tope ukapata njia, mgonjwa akafika hospitali na mwenye genge akauza. Lakini mikopo ya namna hii hulipwa kwa miaka 25 na zaidi, na ngozi ya lami ina miaka 10 au 15. Pasipo matengenezo, mtoto aliyezaliwa siku ya kukata utepe atakuwa mtu mzima analipa deni la njia ambayo yeye hakuijua ila kwa mashimo yake. Mwenye kununua jahazi kwa mkopo, akakataa kulikalafati, deni litamkuta ufukweni hana chombo.

Basi rai yetu kwa wanaotawala visiwa vyetu, nasi twaisema bila chuki, ni hii. Kwanza, kila njia mpya ya lami, jiwe lake liandikwe pia mwaka ambao ngozi yake inakadiriwa kwisha, na idadi ya ekseli iliyojengewa. Pili, magari ya mchanga, mawe na saruji yapimwe, ya mkubwa na ya mdogo, na matokeo yatangazwe. Tatu, mtaro utangulie lami. Nne, kila shilingi inayokopwa kujenga iandikiwe pembeni yake shilingi ya kutunza, katika bajeti ile ile. Tano, muda wa kontrakta kuwajibika kwa kasoro, ambao mara nyingi huwa mwaka mmoja tu, urefushwe, kwani mwaka mmoja katika umri wa miaka 20 ni sehemu moja ya ishirini, na kasoro nyingi hujificha hata masika ya pili au ya tatu.

Na rai yetu kwa wanachama ni kwamba tusiwe watu wa kupiga makofi siku ya utepe na kupiga kelele siku ya shimo, tukalala miaka yote iliyo kati ya siku hizo mbili. Kila tawi lina mtu ajuaye kuandika. Naaandike njia ya kwao ilifunguliwa lini, ufa wa kwanza ulionekana lini, mtaro uliziba lini, na habari ilipelekwa kwa nani. Daftari hilo lipewe mwakilishi wetu alipeleke Barazani. Serikali iliyozoea kujibiwa kwa hasira haitababaishwa na hasira, bali tarehe zilizoandikwa sawasawa ni vigumu kuzikanusha.

Njia ni mali iliyonunuliwa kwa fedha zetu na za watoto wetu. Mwenye mali huuliza itadumu muda gani, nasi tunauliza.

Wabillahi taufiki.